Zabuni ya Viti

Mimi ndiye ninayenunua.
Chumvi ya barabara, glavu za zahanati,
samaki wa Alhamisi wa shule ya msingi,
balbu, kalamu, koleo za theluji:
kila kinachotumika Kivisalmi kimepita
chini ya sahihi yangu, Hilkka Raunio,
na hakuna aliyewahi kuniandikia shukrani.
Sidai.

Januari shule iliomba viti mia mbili na arobaini.
Mkononi nilikuwa na bei: yuro kumi na tisa kimoja,
plastiki ya buluu kutoka mbali,
imeshindiliwa ndani ya kontena kama dagaa.
Kanuni yetu ilisema aliye chini ndiye mshindi.
Kanuni safi,
safi kama theluji ambayo mbwa hajaifikia.

Nikafungua daftari.
Mali bila daftari huisha bila habari;
sisi daftari tulikuwa nalo, habari hatukuisoma.
Elfu mbili na tisa: vimenunuliwa. Na kumi na tatu: vimetupwa.
Na kumi na nne: vimenunuliwa. Na kumi na nane: vimetupwa,
mwenye lori akalipwa kwenda kuvizika.
Na kumi na tisa: vimenunuliwa.
Nikajumlisha kwa kidole. Kiti cha yuro kumi na tisa
kilikuwa kimetugharimu sitini na moja,
na bado kuna watoto wanaosoma wamesimama.

Nikashuka stoo, chini ya maktaba.
Viti vya mbetula, ule mti wa gome jeupe,
vya mwaka wa sitini na moja, vimebebana migongoni,
mguu huu umelegea, ule umepasuka,
vizazi vitatu vya makalio vimeving'arisha.
Nikapindua kimoja. Chingamu iliyogeuka jiwe.
Na jina, kwa ncha ya bikari: OSSI.
Ossi ndiye anayetuondolea theluji barabarani siku hizi.
Ana kipara.

Awezaye kuvitengeneza ni mmoja, Veijo Kettula,
ng'ambo ya ziwa, mtu wa maneno manne kwa siku.
Nikatangaza zabuni ya ukarabati. Kurasa arobaini na tatu:
cheti cha hiki, kiapo cha kile, mauzo ya miaka mitano,
sera ya mazingira ya kampuni.
Mtu anayepasha karakana yake joto kwa maranda yake mwenyewe,
namdai sera ya mazingira!
Hakujibu mtu.

Kumpigia simu sikuruhusiwa. Hiyo ni sheria, tena njema:
mnunuzi akinong'onezana na muuzaji, mji mzima umeuzwa.
Nikaikalia mikono yangu.
Kisha nikashika kitu pekee kilichokuwa changu,
kalamu nyekundu, nikaanza kukata.
Wiki mbili nilikata. Wanasheria wakarudisha, nikakata tena.
Zikabaki kurasa tatu
na swali ambalo hatukuwahi kuliuliza:
kitadumu miaka mingapi, na kikivunjika nani atakishughulikia?

Ijumaa, dakika nane kabla ya saa sita mchana, bahasha.
Ilipofunguliwa ikamwaga unga wa mbao mezani.
Yuro thelathini na moja. Miaka ishirini.
"Nitakishughulikia mimi. Nikifa, binti yangu."
Alikopa neno moja kutoka siku ya pili.

Barazani Bwana Ollikainen akauliza nani atalipa tofauti.
Nikamsogezea daftari.
Alilisoma na koti mwilini,
maana joto la ukumbi nalo tumelipunguza,
nalo hununuliwa.
Alisoma mara mbili. Akavua miwani.
Wakapitisha viti mia moja na ishirini. Nusu.
Nusu nyingine ni ya buluu, iko baharini sasa hivi.

Basi sikushinda, wala sijashindwa; nimenunua.
Jana nilipita darasa la tatu, watoto wametoka kucheza.
Nikainama, magoti yakalalamika, nikapindua kiti.
Veijo alikuwa amepiga msasa kila mahali,
ila pale chini, herufi nne za Ossi hakuzigusa.
Na kando yake, mbichi, unga wake bado sakafuni,
mtu ameanza kuchonga M.

Nilikirudisha kama nilivyokikuta.
Kuhusu bikari ya nani, sikuuliza.